Hodi Katika Nyumba Tupu

Kosa lenyewe lilikuwa dogo: ndani ya wimbo aliorekodi mumewe, mtu alibisha hodi.

Mke akaurudia kuusikiliza. Walikuwa wakiandaa mchezo wa nyimbo wa mtandaoni, kila mwigizaji akijirekodi kwake, na kazi yake yeye ilikuwa kuziunganisha rekodi zao. Ni kile kisa cha kale cha mfalme aliyeua zimwi. Ila mwongozaji, waliyemwita Mwalimu, alikuwa amezama kwenye usufi, ile njia ya kumtafuta Mola kwa kuishinda nafsi, akakipindua. Zimwi ni nafsi ya mfalme mwenyewe. Aiue, moyo ubaki nyumba tupu, Mola aingie.

Mumewe, aliyeimba mfalme, alirekodia chumbani, godoro likiwa limeegemezwa ukutani kuzuia mwangwi. "Nimejitoa, nyumba ni tupu," aliimba. Kimya. Kisha sauti nyembamba: "Hodi." Naye, kwa mazoea tu, kama ambavyo yeyote kati yetu angejibu, akasema, "Karibu."

Alipoulizwa, mume alicheka, hakumbuki kitu. Akamwinua mkewe kitini kwa utani wake wa siku zote: "Nipishe, mimi ndiye mwenye nyumba." Alikuwa haingii kwake kwa hodi huyo, huingia akiulizia chakula. Mke aliupenda utani ule hata akaurekodi, akaufanya mlio wa simu yake.

Ile hodi akaifuta. Asubuhi ikawapo tena, na chumba kinanuka nywele zilizoungua.

Siku ya onyesho, mchana kweupe, kila mwigizaji akiimba moja kwa moja kutoka kwake, watazamaji tele mtandaoni, mfalme alifika pale pa kuua nafsi, akaanza kugonga paji la uso ukutani, godoro limeshaanguka, akagonga na kugonga hadi chokaa ikalowa damu na jino likaruka likapiga kamera, na wale watazamaji, masikini, wakidhani ni sanaa, wakawa wanamwaga alama za makopa na makofi. Mke akakimbilia chumbani. Mkono wa mumewe ukamdaka koo, ukambana mlangoni mpaka miguu ikaacha sakafu, kidole chake kikavunjika akijaribu kujinasua, na ile sauti nyembamba ikamnong'oneza usoni, "Mbona wanifukuza? Nilikaribishwa."

Kwenye kioo cha kompyuta, Mwalimu alikuwa akilia. "Mwenye nyumba tu ndiye wa kumtoa," alinong'ona. "Na mimi ndiye niliyemwambia mwenye nyumba atoke."

"Nipigie simu, Mwalimu," mke alikoroma.

Simu ikalia mfukoni mwake: "Nipishe, mimi ndiye mwenye nyumba." Ikarudia, ikarudia. Mkono ukalegea. Mume akaanguka kama gunia, akafumbua macho, akasema, "Mke wangu," kwa sauti yake mwenyewe, akazirai.

Siku mumewe aliporuhusiwa kutoka hospitali, mke alisugua ukuta kwa mkono mmoja, akafungua madirisha, akapika. Harufu ilikuwa imekwisha. Aliposikia gari nje, furaha ilimjaa hadi machozi. Hatua zikaja polepole, zikakoma mlangoni.

"Hodi."

"Karibu, mume wangu," akajibu, kwa mazoea tu.

Kisha mwiko ukamponyoka. Mumewe hakuwahi kubisha hodi kwenye nyumba hii, hata siku moja.