Shati Jeupe Kwenye Bendi

Simu ya nyuma ya jukwaa ililia. Ajenti wa usalama Lowell Pruitt aliinyakua.

"Muuaji ameshaingia," mkuu wake alisema. "Kajichomeka kwenye bendi."

"Sura yake?"

"Aliyeijua ni Burke. Tumemkuta Burke kwenye lifti. Kachomwa kisu, kafa."

Pruitt alifumba macho. Burke alikuwa mwenzake tangu vita vya Ulaya.

"Basi simamisheni kipindi."

"Magda hataki. Mumewe kanyongwa Budapest asubuhi ya leo. Hana wa kumwogopea tena. Hakikisha anasema."

Simu ikakatika.

Magda Voltner, mwimbaji aliyeitoroka Hungaria, angeimba wimbo mmoja, kisha angewataja majasusi wa kwao waliojificha New York. Kipindi hicho cha televisheni kilikwenda hewani moja kwa moja. Neno likishatoka, hakuna wa kulirudisha. Ndiyo maana wakubwa wa majasusi hao walitaka afe kabla hajalitoa.

Pruitt alipenya kati ya nyaya na kamera za RCA, bastola ya Colt yenye kizuia mlio ikiwa chini ya koti. Mbele yake wasichana walicheza kuzunguka boksi kubwa la sabuni ya wadhamini, meno yote nje, jasho likiwatiririka.

"Wee bwana, rudi nyuma," alinong'ona Gus Halloran, msimamizi wa jukwaa. "Sura hiyo ikionekana, watoto Brooklyn hawatalala leo."

"Mama yangu anaipenda."

"Mama yako ana roho nzuri."

Wasichana walitoka. Magda aliingia, na bendi ikaanza.

Gus alisikiliza kwenye vipokea sauti vyake, akasonya.

"Nani kamruhusu yule wa saksafoni avae shati jeupe? Watu wa kamera wanalia. Linawaka utadhani taa ya gari."

Pruitt aligeuka.

Wiki nzima aliyojifanya fundi humo ilimtosha kujua. Nyeupe iliumiza kamera, kwa hiyo wapiga bendi wote walivaa bluu mpauko, na kwenye televisheni za watu bluu hiyo ilionekana nyeupe. Kila mwanamuziki wa studio alilijua hilo.

Safu nzima ilikuwa ya bluu. Mmoja tu alivaa jeupe pee.

Mpumbavu yule alijifunza mavazi ya bendi akiwa amekaa sebuleni mbele ya televisheni.

Pruitt alizunguka nyuma ya pazia.

Wimbo ulikaribia kwisha. Shati Jeupe aliteremsha saksafoni, mkono ukaingia ndani ya koti. Bastola ya Walther ilichungulia.

Matoazi yaligongwa.

Pruitt alifyatua, mdomo wa bastola ukiwa umegusa mgongo.

Mtu yule aliinama taratibu juu ya saksafoni yake.

"Mshike asianguke," Pruitt alimnong'oneza mpiga tromboni. "Na upige."

Mzee wa watu alimwegemeza maiti begani kwake, akapiga, machozi yakimtoka.

Magda aliisogelea kamera. Akataja jina la kwanza. La pili. Sauti ilitetemeka mara moja tu, alipomtaja aliyemsaliti mumewe. Alipomaliza, watu ukumbini walisimama wote.

Gus alikuja, uso umempauka.

"Simu zinamiminika. Watu wanalalamika kuna mwanamuziki kasinzia kazini, mbele ya Amerika nzima. Niwaambie nini?"

Pruitt alivaa kofia yake.

"Waambie tumemfukuza."

Akatoka mlango wa nyuma, akapotea kwenye mvua ya Broadway.