Watu Tisa wa Lydia

Leona Kovarik alikuwa na desturi ya kuingia mjini jioni, maduka yakiwa yanafungwa, kwa sababu mchana watu wa Corley walikuwa na macho. Walimwita mchawi wa maji. Mkulima akikaukiwa na kisima, humpigia simu kwa sauti ya unyenyekevu. Leona huenda na waya zake mbili alizozikunja kutoka kwenye henga za koti, akatembea shambani mpaka waya zipishane, akasema, "Chimba hapa." Maji hutoka. Kesho yake mkulima yuleyule akimwona mgahawani huinamia kikombe chake cha kahawa kana kwamba kikombe kimemwita.

Waya zilezile zilijua na makaburi. Hilo watu hawakulitaja kwa sauti.

Alhamisi ile ya Novemba aliyepiga simu alikuwa Merle Stroud, diwani wa kaunti. Kaunti ilitaka kujenga jela mpya kwenye kiwanja kilicho kaskazini mwa mahakama, na katapila lilikuwa linakuja Jumatatu. Sheria ilidai mtu athibitishe kwanza kwamba pale hakuna aliyezikwa.

"Kazi ya robo saa," Merle alisema. "Utembee, utie sahihi, urudi ukapike."

Leona alimkuta ameegemea pikapu yake, akinywa kahawa kutoka kwenye chupa. Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya maghala marefu ya ngano, na anga ilibaki na rangi ya chuma.

"Umekuja na gari au na ufagio?" Merle aliuliza.

"Na gari. Ufagio nimempelekea mkeo. Nasikia kwenu kuna uchafu mwingi."

Merle alicheka kwa meno tu. "Haya, fanya haraka. Baridi hii inatafuna mifupa."

Leona alishika waya kwa vidole vyepesi, viwiko ubavuni, akaanza kutembea. Majani makavu yalilia chini ya viatu vyake. Upepo ulikuwa unavuma kutoka magharibi kama kawaida. Corley haina siku isiyo na upepo. Mtoto akizaliwa pale, sauti ya pili kuisikia baada ya mama yake ni hiyo.

Hatua ya kumi na mbili, waya zilipishana.

Akasonga mbele. Zikaachana. Akarudi. Zikapishana tena. Akapima urefu kwa miguu yake: mtu mzima. Akachomeka kibendera chekundu ardhini, akaenda pembeni. Kaburi la pili. Likafuata la tatu, ubavuni mwa la pili, halafu la nne...

La nane lilikuwa fupi.

La tisa lilikuwa fupi zaidi. Hatua mbili tu.

Alipoinuka, Merle alikuwa ameacha kunywa.

"Hayo ni mabomba ya maji," Merle alisema.

"Mabomba hayalali bega kwa bega kama watu waliobanana kitandani."

"Leona." Alimsogelea hadi akasikia pumzi yake ya kahawa. "Nimesema ni mabomba. Duane wako bado anaendesha greda ya kaunti, siyo? Na ana watoto wawili. Majira ya baridi ni marefu sana kwa mtu asiye na kazi."

Hasira ilimpanda Leona mpaka masikioni. Lakini Duane alikuwa mwanawe wa pekee, na nyumba yake ilikuwa ya kupanga. Akameza.

"Nitapita mara moja zaidi," akasema. "Nihakikishe."

Akarudi kwenye kibendera cha kwanza. Waya zilining'inia, zimelegea. Hakuna kitu. Akadhani vidole vyake vimekufa ganzi, akavisugua, akajaribu tena. Hakuna. Akapiga hatua moja mbele, kuelekea ukuta wa mahakama. Ya pili. Ya tatu...

Zikapishana.

Akaenda kwenye kibendera cha pili. Ikawa vilevile, hatua tatu mbele. Na cha tatu. Vyote tisa, hatua tatu mbele, kuelekea ukutani.

"Nini tena?" Merle aliuliza.

Leona alilamba midomo. "Wamesogea."

Na upepo ukakoma.

Haukupungua kwanza. Ulikatika, kama uzi. Bendera ya mahakama ikaanguka kwenye mlingoti wake. Katika ukimya ule Leona alisikia harufu ambayo haikuwa na sababu ya kuwepo: blanketi la sufu lililolowa, na mafuta ya taa.

Alipita mara ya tatu. Safari hii hakuwapata uwanjani kabisa. Aliwapata chini ya ukuta, wamejikusanya mbele ya mlango wa kaskazini, mlango wa zamani uliopigiliwa mbao tangu kabla hajazaliwa.

"Ardith yuko ndani?" aliuliza.

"Yuko. Kwa nini?"

 Leona alizunguka jengo karibu kwa kukimbia, akaingia kwa mlango wa mbele, Merle nyuma yake akitukana.

Ardith Bohn alikuwa karani wa kaunti. Alikuwa nyuma ya kaunta akifunga vifungo vya koti lake ili aende nyumbani. Ndani kulikuwa na joto. Mabomba ya mvuke yalikuwa yakizomea ukutani. Alipouona uso wa Leona, mikono yake iliganda kwenye kifungo.

"Umewapata," alinong'ona.

"Ardith, nenda nyumbani," Merle alisema.

"Nimefanya kazi humu miaka thelathini, Merle. Usinifukuze kama paka." Akamgeukia Leona. "Kila mwaka theluji ya kwanza ikikaribia, mlango ule unaguswa. Haubishwi. Unaguswa tu, hivi..." Akapitisha vidole juu ya kaunta, polepole. "Nikamuuliza karani aliyenitangulia. Akaniambia nisiulize. Alipokaribia kufa ndipo akanieleza."

"Ni akina nani?"

"Watu wa Lydia."

Leona aliijua Lydia. Kila mtu aliijua: mji uliokufa, msingi wa kanisa tu katikati ya malisho, ng'ombe wakijikuna kwenye mawe yake.

"Lydia ndiyo iliyokuwa makao makuu ya kaunti," Ardith aliendelea, sauti ikizidi kushuka. "Wanaume wa Corley wakaenda na bunduki na magari ya farasi, wakabeba vitabu vyote vya kumbukumbu za kaunti. Palipo na vitabu ndipo palipo na kaunti, siyo? Basi Januari watu tisa wa Lydia wakaja kwa sileji, gari la kuteleza juu ya theluji, kuviomba. Kuomba tu, hata kisu hawakubeba. Tufani ya theluji ikawakuta hapo uwanjani. Wakabisha mlango wa kaskazini. Aliyekuwa ndani ni sherifu Stroud. Babu yake huyu."

"Babu alikuwa akilinda mali ya kaunti," Merle alisema. "Angejuaje wamekuja na nini?"

"Aliegemeza mgongo mlangoni hadi walipoacha kubisha. Wakazikwa alfajiri, kabla mji haujaamka."

"Kulikuwa na watoto wawili," Leona alisema.

Merle aligeuza uso.

"Merle. Nimewapima. Watoto wawili. Watoto hulia. Alisikia."

"Ni miaka tisini iliyopita! Mnataka nini kwangu? Niwafukue niwaombe radhi? Mji huu una watu mia nane na shule inayovuja. Jela hii ndiyo kazi pekee iliyokuja huku tangu..."



Mwisho wa ukumbi, kitu kiliugusa mlango.

Tk.

Kikatulia. Kisha tena, chini zaidi, usawa wa goti la mtu mzima.

Tk... tk.

Ardith alishika mdomo wake. Leona alijikuta anatembea. Hakuwa jasiri, alimwambia mwanawe baadaye kwamba miguu ndiyo iliyoamua. Aliwaza watoto wale wawili, basi. Mbao za mlango zilikuwa zimeoza, na nyundo ilikuwa juu ya sanduku la fundi, pale pale.

Merle alimpita mbio. Akageuka, akabandika mgongo mlangoni, akatanua mikono.

"Hafungui mtu hapa!"

"Merle, sogea."

"Jengo hili ni letu! Warudi walikotoka!"

Nyuma yake, katika upenyo wa mbao, sauti ilinong'ona. Haikuwa ya kike wala ya kiume. Ilikuwa kavu, kama theluji inayosuguana na kioo.

"Tunaomba moto... moto tu..."

Ardith akaanza kulia. Merle alifumba macho na kusukuma kwa mgongo, visigino vikiteleza sakafuni, japo mlango haukuwa ukisukumwa na mtu. Mishipa ya shingo yake ilisimama. Leona alimshika mkono kumvuta. Mkono ulikuwa mgumu kama nguzo ya ua.

Halafu kimya.

 Nje, upepo ulianza kuvuma tena.

Merle alifumbua macho. Akatabasamu. "Mnaona? Wameondoka. Unasimama imara, wanaondoka. Ndivyo alivyofanya mzee."

Akaondoa mgongo mlangoni.

Waya bado zilikuwa mikononi mwa Leona. Alikuwa amezisahau. Zilizunguka zenyewe, taratibu, zikapishana mbele ya kifua cha Merle Stroud.

Leona akasogea kushoto. Zikamfuata Merle. Merle akarudi nyuma hatua moja. Zikamfuata.

"Acha upuuzi wako," Merle alisema.

Alipotamka maneno yale, mvuke mweupe ulimtoka kinywani. Leona na Ardith walikuwa wakitoka jasho katika ukumbi ule wenye joto, na mtu yule alikuwa anapumua kama amesimama katikati ya theluji.

Leona alirudi uwanjani na tochi, akatembea kila futi ya kiwanja. Waya hazikutikisika. Akatia sahihi karatasi: makaburi hayapo. Halikuwa neno la uongo, na hilo lilimnyima usingizi kuliko uongo wowote aliowahi kusema.

Jumatatu katapila lilichimba. Lilitoa vifungo vya mfupa, vishikizo vya viatu, na kiatu kimoja kidogo. Hakuna hata jino. Dereva alivitupa pamoja na udongo.

Ardith aliacha kazi kabla ya Krismasi, akahamia kwa dada yake Arizona. Duane alibaki kwenye greda yake. Merle yeye alianza kuvaa koti ndani ya nyumba. Kanisani aliketi karibu na jiko, na benchi lake likawa halina mtu mwingine, ingawa hakuna aliyeweza kusema kwa nini hakukaa pale. Mkewe alihamia chumba cha pili. Alimwambia jirani kwamba kitanda hukutwa kimelowa kila asubuhi, na kwamba Merle usiku husogea, husogea, mpaka ukingoni, kama mtu anayewapisha wengine. Daktari alisema ni upungufu wa damu.

Mwezi wa tatu, saa sita mchana, pikapu ya Merle ilisimama mbele ya nyumba ya Leona.

Alishuka kwa shida. Alikuwa amekonda, midomo ya buluu. Alipanda ngazi za baraza akasimama, kofia mkononi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya Leona.

"Nipime," alisema.

"Merle..."

"Nipime tu, mama. Nakuomba. Unitajie idadi. Nataka kujua kama wanapungua."

Leona alileta waya. Zilipishana kabla hajainua mguu. Alimzunguka mara moja, na hazikuachana hata kidogo. Hiyo haikuwa hesabu. Merle alimtazama usoni kama mgonjwa anavyomtazama daktari.

"Nenda nyumbani," Leona alisema. "Kaa karibu na moto. Na wao wakae."

Merle aliitikia kwa kichwa. Akashuka, akaufungua mlango wa abiria wa pikapu, akasimama kando akiushikilia. Kisha akaenda nyuma, akateremsha ubao wa nyuma, akangoja tena, kwa adabu, macho yake chini.

Hapakuwa na mtu. Lakini Leona aliona springi za gari zikilalama na kushuka. Mara moja. Mara mbili. Kama wanavyopanda wazee, mmoja mmoja, kwa uzito wao wote. Tatu. Nne. Tano. Sita. Saba.

Mara ya nane gari lilishuka kidogo sana.

Leona alingoja mara ya tisa.

Merle alifunga ubao wa nyuma. Akaingia, akawasha gari, akaondoka polepole, matairi yakisuguana na bodi, hadi vumbi lilipommeza barabarani.

Harufu ya sufu iliyolowa ilibaki barazani.

Chini, karibu na goti la Leona, ubaridi ulipita kwenye kitambaa cha sketi yake, ukakishika. Kishiko kidogo. Cha vidole.

Jikoni, jiko lilikuwa linawaka, na mlango nyuma yake ulikuwa nusu wazi. Leona hakutazama chini. Alisogea kando, akausukuma mlango mpaka mwisho, akasubiri kwa muda ambao mtoto angehitaji kuvuka kizingiti.

Sketi ikaachiwa.

Ndani, kiti kilicho karibu na jiko kilivutwa sakafuni, taratibu, kikakaribia moto.

Leona alibaki barazani, mkono juu ya kitasa, akijaribu kuamua kama ataingia.