Picha Kumi na Moja kwa Sekunde

Gari la njano lilikata kona ya kiwanda cha saruji bila kupunguza mwendo.

Sindano akalifuata. Gia ya tatu. Ya nne. Mita mia mbili. Mia na hamsini.

Kisha kila kitu kikaganda.

Gari lake likabaki hewani, magurudumu hayagusi lami. Lilipoanza kusogea tena, lilikuwa limeshavunja ukingo wa daraja na linazama mtoni. Maandishi mekundu yakajaa kwenye skrini: UMEACHWA.

Sindano akauachia usukani wa Logitech uliofungwa kwenye ukingo wa meza. Alikuwa katika chumba cha kupanga, juu ya kibanda cha fundi viatu, saa nane na dakika kumi mchana. Magari yalikuwa ya kwenye kompyuta tu. Watu walioyaendesha walikuwa wa kweli.

Sauti ya mwanamume ikaingia masikioni mwake, ya upole kama ya mtu anayempa mgonjwa maelekezo.

"Njiwa, leo una nini? Mazoezi yamekwisha. Mbio zenyewe ni saa tisa kamili. Ukiachwa tena, nafasi yako anapewa mwingine."

"Nitakuwepo, Daktari."

Miezi mitatu alikuwa amejipenyeza katika kundi hilo kwa jina la Njiwa. Daktari hakutumia simu wala barua. Alitoa maagizo kwa taa za gari lake la njano ndani ya mchezo, mbele ya madereva wachache aliowaamini. Leo angetaja kontena na geti la bandari la kutolea insulini bandia, maboksi mia nne. Mzigo uliotangulia ulikuwa maji na chumvi. Wagonjwa watatu wa kisukari walikufa huku wakijidunga kila siku kama walivyoagizwa.

Hakuweza kuazima mashine nyingine. Kundi lilimtambua kila dereva kwa kompyuta yake.

Akapiga simu.

"Shemeji, umeifanya nini mashine yangu?"

Shemeji alikuwa fundi kompyuta wa idara ya upelelezi, na pia mume wa dada yake, kwa hiyo alimwogopa Sindano mara mbili.

"Nimeisasisha asubuhi. Agizo la makao makuu. Ni programu huria hizo, zikitoka mpya tunaziweka."

"Jana mchezo ulinipa picha tisini kwa sekunde. Leo kumi na moja."

"Punguza ubora wa picha."

Akapunguza. Miti ikawa vijiti, mto ukawa bati.

Kumi na moja.

"Zima madoido ya madirisha."

Kumi na moja.

"Hebu zima mashine, uwashe."

"Shemeji."

"Najua. Lakini jaribu."

Akazima. Akawasha. Kumi na mbili. Akashusha pumzi. Kumi na moja.

Sindano aliwahi kulala siku mbili ndani ya tangi tupu la mafuta akimsubiri muuza silaha, na hakulalamika. Sasa alitaka kuitupa mashine dirishani. Mtu mwenye bunduki angalau unajua umlenge wapi.

Akafungua ubavu wa kompyuta kwa kisu chake cha Victorinox. Feni ya prosesa ilikuwa ikilia kama nyuki. Akaweka kiganja juu ya kadi ya picha.

"Kadi ni baridi," alisema. "Feni zake hazizunguki."



"Baridi kabisa?"

"Kama glasi ya maji."

"Basi haifanyi kazi. Prosesa inachora kila kitu peke yake, ndiyo maana hata ukipunguza ubora haisaidii. Kerneli, ule moyo wa mfumo, imepanda toleo. Draiva, programu inayoiendesha kadi, imebaki ya zamani. Haziongei."

"Zipatanishe."

Shemeji akamsomea amri, naye akaiandika. Mistari ikateremka, kisha ikakoma. Imeshindikana. Wakarudia. Imeshindikana. Saa nane na dakika arobaini na nne.

"Nakuja huko," Shemeji alisema.

"Huku ni mwendo wa saa nzima. Nisikilize. Jana ilifanya kazi. Hiyo kerneli ya jana umeitupa?"

"Hapana, mfumo unaihifadhi." Akakohoa. "Washa upya ukiwa umeshikilia Shift. Itakuja orodha. Chagua ya pili."

"Na hilo ungeniambia lini?"

"Dada yako asijue."

Akawasha upya. Akachagua ya pili. Chini ya kiganja chake feni za kadi zikatikisika, zikaanza kuvuma.

Lakini mchezo haukufunguka. Mstari mwembamba ukatokea: Inaandaa vivuli, asilimia nne.

"Niuruke?"

"Usithubutu. Ukiuruka itaganda kwenye kila kona."

Redio ikakwaruza. Alikuwa Mkuu wa operesheni.

"Sindano, kikosi kiko bandarini. Nipe namba."

"Asilimia sitini na moja, Mkuu."

"Hiyo siyo namba niliyoomba."

Tisini. Tisini na saba. Mia.

Saa tisa kasoro sekunde ishirini.

Pembeni mwa skrini, tarakimu zikaonyesha picha themanini na nane kwa sekunde.

Magari manne yakaondoka. Sindano akashika nafasi ya pili na hakuiachia. Barabara ilimiminika mbele yake laini, kona baada ya kona.

"Njiwa," Daktari aliita ghafla. "Mbona mazoezini ulikuwa unakwamakwama?"

Mkono wa Sindano ukagusa bastola yake ya Beretta kando ya kibodi, kana kwamba ingesaidia. Akaamua kusema kweli.

"Nilisasisha mashine."

Daktari akacheka kwa huruma.

"Siku ya kazi? Mimi yangu nimeikataza kujisasisha. Iliniharibia wiki nzima mwaka jana. Sogea karibu, uone taa."

Taa za nyuma zikawaka. Mara nne. Moja. Saba. Saba. Kisha gari la njano likayumba kushoto mara mbili.

Sindano akazima maikrofoni ya mchezo, akabonyeza redio.

"Nne, moja, saba, saba. Geti la pili."

"Nimepata."

Akaendelea kuendesha dakika kumi na mbili zaidi, ili Daktari asishtuke. Mafundi wa mawasiliano walikuwa wakiifuata sauti yake hadi nyumbani kwake. Kwenye mzunguko wa mwisho gari la njano liliacha barabara, likapanda nyasi polepole na kusimama. Hakuna aliyekuwa ameshika usukani wake tena.

Redio ikafunguka.

"Kontena limefunguliwa. Maboksi yote yamo," Mkuu alisema. "Na Daktari tunaye. Ni mfamasia, ana duka la dawa. Anauliza Njiwa ni nani."

Sindano akalipita gari la njano, akavuka mstari wa mwisho.

"Mwambie ni aliyeshinda."

Akachomeka Beretta kiunoni, akafunga zipu ya koti, akashuka ngazi. Fundi viatu alimpungia mkono. Naye akampungia, akaingia barabarani bila haraka.