Dakika Ishirini na Sita za Shomvi

Saa tatu asubuhi Ukuta wa Uwazi uliwaka. Ulikuwa ubao wa kioo wa ghorofa tatu, langoni mwa Gereza Kuu la jiji la Nguzo Saba, na sheria ilikuwa imeufunga pingu moja na Kitulizo, mashine inayoua kwa sindano. Ukuta usiposema, mashine haichomi. Ilitakiwa utangaze mbele ya watu jina la dawa, ilikotoka, nguvu yake na jina la aliyeitengeneza.

Hiyo ilikuwa zamani, kabla wakubwa hawajaona haya. Sasa kwenye mistari mitatu kati ya minne ukuta uliandika: SIRI YA NCHI. Likabaki jina la dawa tupu, kama jeneza lisilo na maiti.

Ndani, mkemia Salha Mkwizu alidondosha kwenye kichunguzi tone la dawa ya usingizi ya Hizza, mfungwa wa kuuawa siku hiyo. Kazi yake ilikuwa kupima, kisha kuidhinisha kwa kubonyeza dole gumba. Bila dole lake Kitulizo kilikuwa chuma tu. Namba zikatokea. Akapima tena. Dawa ilikuwa imechakaa, haikubakiza hata theluthi ya nguvu yake.

Kitulizo kilichoma dawa mbili kabla ya ile ya kusimamisha moyo. Ya kwanza humlaza mtu, ya pili hukaza misuli yote. Halafu jicho la mashine husoma uso, na ukuta huandika: AMETULIA. Lakini uso uliokazwa utajikunjaje? Hata ukichomwa moto utatulia!

Kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, Salha aliiomba mashine mawimbi ya ubongo wa mtu wa mwisho kuuawa, kijana aliyeitwa Shomvi. Mashine ilikuwa imeyahifadhi yote. Hakuna aliyewahi kuyauliza. Uso: ametulia. Ubongo: uko macho, dakika ishirini na sita.

"Bi Salha, unasubiri posa?" Kamishna Ndekeja alisimama mlangoni. "Bonyeza, watu wana kazi."

"Dawa ni mbovu, Kamishna. Hizza hatalala. Atasikia kila kitu na hataweza hata kupepesa."

"Kwani yeye alipomuua yule mlinzi, alimpa shuka na mto?"

"Mahakama ilimhukumu kufa. Haikumhukumu kuunguzwa mishipa na dawa ya moyo akiwa macho, na sisi tuwaambie watu amelala."

"Sikiliza, binti. Tukimtaja mtengenezaji, kesho hatatuuzia. Siri inalinda kazi."

"Inalinda uoza."

Ndekeja akacheka kwa pua. "Umebonyeza mara kumi na moja. Uoza huo una alama ya dole lako. Kauseme, uone nani ataanza kunuka."

Hapo ndipo alipompiga, bila kuinua mkono. Salha alijua kazi ya dawa ya pili tangu mwaka wa kwanza chuoni. Alijua, na mara kumi na moja akauamini uso.

Dirishani alimwona mama yake Hizza, amekaa chini, kanga imemwanguka mabegani. Aliyemshika mkono alikuwa Bi Tunu, mama yake Shomvi. Tangu mwanawe auawe, Bi Tunu hakukosa hata siku moja ya kuuawa mtu. Alikuja kuwaliwaza wenzake.

"Usiogope, shoga yangu," alikuwa akisema. "Wangu alilala tu, kama mtoto aliyeshiba maziwa. Ukuta ulisema."

Salha aliisikia sauti hiyo, akatamani dawa isingepimwa. Kuna mama wawili pale nje: wa kwanza ana mtoto wa kuokolewa na mateso, wa pili ana uongo tu wa kulalia. Ukweli ungempa yule, ungemnyang'anya huyu.

"Bonyeza," alisema Ndekeja.

Salha akaambatanisha vipimo vya dawa. Akaambatanisha mawimbi ya Shomvi. Akabonyeza, vyote vikaenda ukutani.

Ukuta ukageuka mwekundu. DAWA HAIFAI. Chini yake ukachorwa mstari wa ubongo wa Shomvi, unapanda na kushuka kama msumeno, na jina la aliyeidhinisha sindano yake: SALHA MKWIZU. Kitulizo kikajizima. Ndekeja akatukana matusi ya nguoni, akakimbilia simu.

Salha alitoka nje. Umati ulizomea, wengine wakimtaka Hizza afe leo leo, wengine wakimwita yeye muuaji. Alikwenda moja kwa moja kwa Bi Tunu, akapiga magoti vumbini.

Bi Tunu alikuwa ameuachia mkono wa mwenziwe. Macho yake hayakutoka ukutani.

"Ule mstari ni mwanangu?"

"Ndiyo, mama."

"Alikuwa macho?"

"Dakika ishirini na sita."

Zomeazomea zikafifia zenyewe. Bi Tunu akamtazama, bila chozi.

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Pembeni yake," alisema Salha. "Namtazama uso."