Taa ya Mezani

Haya yalimpata rafiki yangu, yule tuliyempachika jina la Faili kwa kuwa hana mazungumzo mengine ila marubani waliopotea vitani. Siku hiyo alishuka kwenye ghala la nyaraka kwa kazi ndogo tu: kusikiliza tena kanda ya redio ya rubani mmoja, kaka wa bibi yake, ambaye ndege yake ilitunguliwa na hadi leo haijulikani ilipoangukia. Bibi alikuwa mgonjwa, na kila asubuhi aliuliza, "Mjukuu wangu, umempata?"

Kanda yenyewe ni dakika nne za mikwaruzo ya kuudhi. "Mnara, mnanisikia? Giza tupu huku," inasema sauti, halafu mngurumo wa injini, halafu kimya. Faili akaisikiliza mara ya kumi na moja. Mtunza nyaraka akachungulia mlangoni.

"Kaka, saa saba hiyo, naenda kula. Ukitoka, zima taa."

Uvumilivu ukamwishia. Akavua hedfoni, akazitupa mezani, akachomoa waya wa mashine ukutani.

"Miaka saba unanizungusha! Si useme tu uko wapi!"

Chumba hakikuwa na dirisha, na taa ilikuwa hiyo moja ya mezani. Akanyoosha mkono aizime. Hedfoni zikaanza kukwaruza, kisha injini ikanguruma, kwa mbali, ikikaribia.

"Usizime," ikasema ile sauti. "Ndiyo kwanza nimeiona."