Kumi kwa Kila Uzi

Foleni ya dirisha la kadi ilikuwa imefika nje ya mlango wa hospitali. Katikati yake alisimama fundi cherehani, mkono wa kushoto ameuinua kifuani kama aliyebeba yai. Alivaa suti ya kijivu aliyoishona mwenyewe, ila mkono mmoja wa koti ulikuwa umekunjwa hadi kiwikoni. Mara dada mmoja mwenye koti jeupe na raba za manjano akapita mbio, kapakata majalada, na koti lake likamgusa fundi mgongoni mwa kiganja.

Fundi akapiga yowe. Foleni nzima ikageuka.

"Jamani, nimekugusa tu!"

"Umenichoma!"

"Nimekuchoma na nini? Kitambaa?"

"Ndiyo, kitambaa. Haya, cheka. Wote wanacheka. Fundi nguo anayechomwa na nguo!"

Dada hakucheka. Aliinama kuutazama mkono. Palikuwa na kovu la pasi tu, limepona miezi minane iliyopita. Akaweka majalada sakafuni.

"Toka kwenye foleni," alisema. "Wewe ni mtu wangu."

Maneno hayo yalimwingia fundi pabaya. Mchumba wake wa kwanza alitoroka na rafiki yake, na tangu hapo hakuna aliyemwambia kitu kama hicho.

Dada alikuwa mtafiti. Aliwapima watu waliopona vidonda lakini maumivu yakagoma kuondoka. Katika chumba chenye meza moja na pazia la kijani, alichukua nyuzi za nailoni, kuanzia mwembamba kama unywele hadi mnene, akawa anamgusa nazo mmoja mmoja. Fundi alitakiwa kutaja namba kila anapoguswa: sifuri haiumi, kumi haivumiliki.

"Fumba macho. Niambie ukihisi," alisema kwa sauti ya chini, ya taratibu.

"Nane... Huo uzi namba ngapi?"

"Hapa anayeuliza ni mimi."

"Miaka kumi na sita nashika nyuzi, leo nyuzi zinanishika mimi!"

Mtafiti alicheka, kisha akamweleza. Mishipa ya fahamu haiishi peke yake. Kwenye uti wa mgongo imezungukwa na seli zinazoitwa glia, ambazo huilisha, huisafisha na kuilinda. "Ukiungua, glia zinaamka. Zinaifanya mishipa iwe mikali ili uulinde mkono wako. Kidonda kikipona zinatakiwa zitulie. Zako hazijatulia. Bado zinapiga kelele za moto uliozimika zamani."

"Kwa hiyo si uongo wangu?"

"Nani kasema ni uongo?"

"Kila mtu."

"Basi mimi nitoe."

Alimwandikisha kwenye jaribio la dawa ya kuzituliza glia, awe mshiriki namba kumi na saba, aje kupimwa kila Jumanne kwa wiki nane. Wiki ya tatu, simu zikaanza.

"Umemeza dawa?"

"Nimemeza. Na wewe umekula?"

"Hilo swali haliko kwenye fomu, fundi."

"Liongeze, mpenzi."

Upande wa pili kikasikika kicheko kilichobanwa kwa kiganja. Dada yake fundi, aliyekuwa naye dukani akishona vifungo kwenye cherehani ya pili, aliinua macho.

"Wifi hajambo?"

"Wifi gani?"

"Huyo anayekufanya uuchekee ukuta."

Mapenzi ni kikohozi, na fundi alikuwa akikohoa tangu asubuhi.

Jumanne ya tano alinyoa ndevu, akavaa shati jeupe, akasukuma mlango. Pale mezani alikuta kijana mrefu mwenye miwani.

"Karibu, kaka. Kuanzia leo nitakupima mimi."

"Yeye yuko wapi?"

"Yuko chumba cha pili na wengine."

Fundi alipimwa bila kujua alichojibu. Akitoka, alipita kwenye mlango wa kioo wa chumba cha pili, na hapo akasimama. Mtafiti alikuwa ameshika mkono wa mwanamume mwenye mabega ya mbeba magunia, tena ameinama kuelekea kwake. "Fumba macho. Niambie ukihisi." Ilikuwa sauti ile ile. Bwana yule alikuwa amefumba macho na kutabasamu!

Wivu ulimpanda fundi hadi kwenye masikio. Hakufika hata geti, akapiga simu.

"Yule nani?"

"Yupi?"

"Mwenye mabega! Kumbe sauti ile unamgawia kila mtu?"

"Yale maneno yameandikwa kwenye karatasi. Siruhusiwi kubadilisha hata neno moja."

"Na mimi kwa nini umenigawa kwa yule kijana wa miwani?"

"Siwezi kukwambia mpaka vipimo vyako viishe. Wala tusionane mpaka hapo. Nivumilie, laazizi."

"Sema umenichoka."

"Wiki tatu tu..."

Akakata. Mwenye wivu haulizi ili ajibiwe, anauliza ili aumie vizuri. Wiki tatu fundi alimwona yule bwana kila mahali: kwenye vioo, kwenye mabega ya makoti ya wateja. Mtafiti alimpigia mara mbili, fundi akaiacha simu ilie. Wakati huo huo mkono ulikuwa unapona, naye hata hakufurahi.

Jumanne ya mwisho kijana wa miwani alimgusa kwa uzi mwembamba. Haukuuma kabisa.

"Kumi," fundi alisema.

Wa pili. "Kumi." Wa tatu, wa nne, hadi mnene kuliko yote. "Kumi, nimekwambia!" Alitaka karatasi ya namba zake imfikie mtafiti, naye aumie kidogo.

Ilimfikia. Kesho yake saa nne asubuhi mtafiti alishuka kwenye teksi, koti jeupe bado mwilini, macho mekundu, akiamini mkono wa mpenzi wake umeharibika na dawa yake ndiyo iliyouharibu. Alisimama mlangoni pa duka, na alichokiona kikamkalisha kwenye benchi. Fundi, futi ya kupimia mkononi, alikuwa anamzungushia mteja kiunoni. Shela ya satini ilikuwa imeulalia mkono wa kushoto, na hakushtuka hata kidogo.

Alipimwa mteja wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa tatu alipoondoka ndipo fundi alipogeuka.

"Kumi?" mtafiti aliuliza. "Kila uzi kumi?"

Dada yake fundi alikumbuka ghafla kwamba ana shughuli nje.

Mtafiti akamtupia karatasi iliyokunjwa mara nne, nakala ya barua aliyomwandikia mkuu wake ile Jumanne ya tano. Fundi aliisoma amesimama. *Naomba nisimpime tena mshiriki namba kumi na saba. Ninampenda. Namwombea apone, kwa hiyo mkono wangu hautakuwa wa haki juu yake. Naahidi kutoonana naye hadi kipimo chake cha mwisho.*

Fundi aliketi sakafuni pale pale, kwenye vipande vya vitambaa.

"Nimekosa."

"Utakwenda kwa mkuu na kumwambia ulidanganya. Namba zako zitafutwa zote. Wiki nane za kazi yangu."

"Nitakwenda leo. Nisamehe. Nilipokuona umemshika mkono..."

"Aumwaye na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, najua. Yule wako wa kwanza alikuuma. Lakini mimi si yeye." Alijifuta macho kwa mkono wa koti. "Na nikwambie kitu. Nimekaa hapa nusu saa nakutazama unashika viuno vya wanawake watatu. Nimesema neno?"

"Hujasema."

"Wa kwanza, nne. Wa pili, sita."

Fundi akainua uso polepole. "Na yule wa gauni la bluu?"

"Tisa," alisema mtafiti. "Alipocheka ikawa kumi. Ya kweli, si kama zako."

Fundi alisimama, akafunga mlango wa duka, akageuza kibao.

"Simama nikupime."

"Unipime nini?"

"Gauni la harusi."

Mtafiti alimtazama, bado ana hasira. Kisha akavua koti jeupe, akasimama, akainua mikono.

"Uandike namba za kweli," alisema.