Jiwe la Dina Siku ya Mnada

Kila alasiri, akishateka maji na kuchambua mboga, Dina alivuta kigoda nyuma ya kibanda cha mjomba wake Calist, fundi baiskeli wa Misigiri, akaanza kusaga mawe. Wenzake wa darasa la sita walicheza rede. Yeye aliokota mawe makorongoni baada ya mvua na kuyajaza kwenye sufuria iliyotoboka, na mama yake alisema iko siku watayachemsha wayale.

Mjomba Calist ndiye aliyemfundisha. Zamani alifanya kibarua kwenye machimbo ya rubi upande wa Arusha, akarudi nyumbani na kikohozi na ujuzi, basi. Alichukua baiskeli mbovu, akaipindua miguu juu, akaifungia jiwe la kunolea. Dina alizungusha pedali kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili alishika kijiti ambacho jiwe lake lilikuwa limegandishwa juu yake kwa nta ya nyuki. Alitia maji, akasaga, akapiga msasa mkali, kisha laini, mwisho akang'arisha kwa kipande cha ngozi na majivu. Jiwe lililoanza likiwa limekwaruzika kama kisigino lilitoka na tumbo bapa na mgongo wa mviringo, likimeta.

"Usiliite jiwe jina kabla hujalipima," mjomba alizoea kumwambia.

Basi Dina alipookota jiwe jekundu kama damu ya kuku, alilipima. Kisu hakikulikwaruza. Lenyewe lilikwaruza kioo cha chupa. Lakini alipolisugua kwa nguvu juu ya lile jiwe jeupe gumu lililojaa milimani, liliteleza tu bila kuacha alama.

"Rubi ingelichimba hili jeupe," alisema mjomba. "Hii ni akiki. Mashehe wa Singida mjini wanaivaa kwenye pete. Ni nzuri, mpwa wangu, ila si mali ya kutoana roho."

Dina akasikia, akaelewa. Kwa hiyo asije mtu akasema mtoto hakujua.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Mnada wa Misigiri ulivimba. Palikuja mitumba, redio za betri, na wanunuzi wa mawe wenye tochi ndogo mifukoni. Nyuma yao walifuata vijana kutoka mikoa mingine, wamelala njaa lakini wanaota utajiri. Mnada uliotangulia vijana wawili walikatana mapanga wakigombea jiwe la kijani, na mmoja alipoteza vidole. Jiwe lenyewe lilikuwa kipande cha chupa ya bia.

Siku hiyo ya mnada Dina alikwenda na jiwe lake jekundu kiganjani. Sikudhani, msichana wa darasa lake mwenye ulimi wa pilipili, alimkuta karibu na nguo za mitumba.

"Jamani, mwoneni mama mawe!" alisema, na wasichana wengine wakacheka. "Leo umetuletea la kusugulia miguu?"

Dina aliona haya, kisha akaona hasira, na hasira ikamjibia. "Hili ni rubi! Mjomba wangu amelipima. Nyinyi mtakufa hamjaona rubi."

Kicheko kikakatika. Sikudhani alikodoa macho, na kwa mara ya kwanza Dina alijiona mkubwa. Vijana watatu waliosimama karibu waligeuka. Mmoja alimnong'oneza mwenzake, na mwenzake akaondoka haraka. Neno rubi lilitangulia mbele ya Dina, likazunguka mnada mzima kabla yeye hajafika kwenye dagaa.

Hapo kwenye dagaa ndipo alipokuwa Antipasi, muuza dagaa, Msukuma wa Mwanza, mtu wa vicheko. Wanyiramba na Wasukuma ni watani. Mtani anaweza kukunyang'anya kofia mchana kweupe, ukamkimbiza ukimwita mwizi na mchawi, na watu wakacheka mpaka ukomboe kitu chako kwa kuku. Mwaka mzima Antipasi alikuwa akimpora Dina kikapu, kandambili, hata muwa aliokwisha kuuma.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Mnyiramba wangu. Umeshika nini? Nyinyi mnashiba, sisi watani wenu tunakonda!" Akalinyakua jiwe, akalificha kwenye ngumi yake kubwa, akaanza kukimbia kwa madaha huku kitambi kikimtangulia. "Nimechukua! Njoo na jogoo!"

Dina alijua ni utani. Siku nyingine angemkimbiza akicheka. Lakini Sikudhani alikuwa nyuma yake anatazama, na mtu aliyeporwa rubi hacheki. Akicheka, wote watajua kwamba jiwe si lolote. Basi Dina alishika kichwa, akalia kwa sauti ya msibani:

"Mwizi! Mwizi jamani! Rubi yangu!"

Wenyeji wachache wa karibu walitabasamu, maana walimjua Antipasi. Wageni hawakumjua. Kijana mmoja alimtega mguu, na Antipasi akaanguka kifudifudi kwenye rundo la viazi. Alikuwa bado anacheka alipopigwa teke la kwanza mbavuni. La pili lilimkata kicheko.

"Mimi ni mtani! Ni mtani jamani!"

Nani amsikie? Fimbo za wachungaji zilikuwa nyingi, na mawe yalikuwa chini ya miguu ya kila mtu. Walimpiga mgongoni, kichwani, na mikononi alipojikinga. Watu ambao hawakuona kitu walikuja mbio kupiga kwanza na kuuliza baadaye. Mzee mmoja aliyekuja kununua kamba tu aliipinda mara mbili akamchapa nayo. Jiwe lilimpata Antipasi juu ya jicho la kushoto, na damu ikamfunika uso wote. Kutoka nyuma mtu alipita akiburuta tairi kuukuu, mwingine akiuliza mafuta ya taa yako wapi.

Dina aliona lile tairi. Alipiga kelele kwamba si mwizi, lakini sauti yake ilimezwa na sauti za watu wazima. Alivuta mashati, akasukumwa, akaanguka. Akainuka na kupenya katikati ya miguu kwa magoti na viganja, vumbi likimwingia mdomoni, mpaka akamfikia Antipasi. Akamlalia juu ya kichwa.

Rungu lililokuwa limeshainuliwa halikuweza kurudi. Lilishuka likampiga mkono wa kulia, na mfupa ukalia kama kijiti kikavu. Ukelele alioutoa Dina ulimtoa mama yake mbio kwenye nyanya alizokuwa akiuza, na mjomba Calist akaja na pampu ya baiskeli mkononi, akiwatawanya watu kwa mapigo.

"Mtoto! Mmempiga mtoto!"

Wakasita. Katika kusita huko Dina alisema yote, kwa sauti iliyokatika kwa kilio.

"Si mwizi! Ni mtani wangu! Na si rubi. Nimedanganya. Ni akiki, nilijua tangu mwanzo!"

"Muongo! Anamtetea!" mtu alifoka, na fimbo zikainuka tena.

Mnunuzi mmoja wa mawe alijisogeza, akafungua vidole vya Antipasi kimoja kimoja. Aliwasha tochi yake, akaligeuza jiwe, akalisonya.

"Akiki," alisema, akalitupa vumbini.

Basi ungewaona mashujaa! Mwenye tairi aliliachia pale pale. Wenye fimbo walizificha nyuma ya migongo, wakaanza kuulizana bei ya nyanya. Mgambo walipofika walimkuta mtu mmoja ndani ya damu yake, mtoto mwenye mkono uliopinda, na mnada mzima ambao haukuona kitu.

Walipelekwa hospitali ya Kiomboi kwa lori la ng'ombe. Mkono wa Dina ulifungwa bendeji ngumu. Antipasi alishonwa, mbavu zikafungwa, akapona. Jicho la kushoto halikupona.

Njiani kurudi, mama alimkalisha Dina kando yake. Kisha alisema, "Jiwe ulilipima kwa kisu, kwa chupa, kwa jiwe lenzake, ndipo ukalipa jina. Mtu mzima, baba mwenye watoto, ulimpa jina la mwizi kwa pumzi moja. Mzaha mzaha hutunga usaha, Dina. Na wako haukuwa hata mzaha."

Dina alilia mpaka Misigiri.

Mnada uliofuata mwenyekiti wa kijiji aliwakusanya watu, naye Dina akapanda juu ya kreti, akasema kwa kinywa chake kwamba Antipasi hakuiba na kwamba yeye alisema uongo ili aonekane. Sikudhani aliinamisha macho, na si yeye peke yake.

Antipasi mwenyewe alirudi baada ya mavuno, kitambaa kikifunika jicho. Wanyiramba walinunua dagaa wake kwa adabu, wakashukuru, wakaondoka. Hakuna aliyemwita mchawi. Hakuna aliyegusa kofia yake. Ukimya ule ulimwumiza Dina kuliko mkono wake.

Alimsogelea. "Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Baba, nisamehe."

Antipasi alifunga pakiti ya dagaa taratibu kabla ya kujibu. "Nilikusamehe pale pale uliponilalia. Bila mfupa wako mimi ni majivu. Ila nikueleze neno, mwanangu, ukue nalo. Utani ni uzio ambao babu zetu walitujengea ili tuchezee ndani bila kuumizana. Uongo ukiingia humo, wanaoumia ni wanaokuamini. Ukitaka watu wakuheshimu, waambie ukweli, hata kama ukweli wenyewe ni mdogo. Jiwe lako lilikuwa zuri. Lilihitaji nini zaidi?"

Dina alitikisa kichwa, machozi yakimdondoka.

"Basi nenda kasome."

"Baba, hutanipora hata kandambili?"

Antipasi alimtazama kwa jicho lake moja. Alinyoosha mkono kuelekea miguuni kwa Dina, halafu akageuka kuwatazama vijana waliosimama na fimbo zao kando ya njia. Mkono wake ukarudi kwenye dagaa.

"Siku nyingine," alisema. "Leo bado naogopa."